Fahali wa Chumvi na Hisa za Sabuni

Shangazi yangu aliolewa mara moja tu, lakini ng'ombe wake wa mahari waliletwa mara mbili, na hiyo mara ya pili ilikuwa kwa sababu ya mkojo.

Wakwe walikuja asubuhi na fahali mweusi anayeng'aa kama kiatu cha polisi, tumbo limejaa pande zote. Wajomba wakapiga makofi. Babu yangu hakupiga. Alimfunga fahali juani, akawaambia wageni, "Kuleni kwanza." Wakala. Wakaomba dua ndefu, wakala tena. Babu akauliza habari za mvua, kisha habari za watu waliokufa zamani, na wakati huo fahali akaanza kukojoa. Alikojoa mpaka mbwa wakahama kivulini. Kufika alasiri ngozi ilikuwa inamning'inia kama koti la kuazima. Walikuwa wamemlisha chumvi siku mbili, asubuhi wakamwacha anywe maji.

"Huyu mrudisheni mtoni," babu alisema, "maji haya ni ya huko."

Nasimulia haya kwa sababu ndiyo elimu niliyonayo. Shule niliacha darasa la tatu. Mimi na mwalimu hatukuelewana juu ya saba mara nane, na mpaka leo sijui nani alikuwa na haki. Nikawa dalali wa ng'ombe, nanunua Ogwedhi kwa Wamaasai, nauza Migori. Mke wangu husema nilimtazama meno kabla ya kumposa. Ni uongo. Nilitazama miguu.

Basi katika miaka ya tisini hisa zikatufikia Suna. Tulikuwa wafanyabiashara kumi na wawili, Waadventista na Wakatoliki, kwa hiyo Jumamosi haikuwezekana na Jumapili haikuwezekana. Tukakutana Jumatano nyuma ya duka la mbegu. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu aliyebeba kalkuleta ndani ya soksi ili isiingie vumbi. Alituchagulia kampuni ya sabuni, nisiyoitaja, yenye kiwanda mbali na depo Homa Bay.

Mwalimu alifundisha vizuri, sitamnyima haki yake. "Usinunue hisa kwa sababu jirani amenunua," alisema. "Pima kampuni yenyewe. Hisa moja ni shilingi kumi na mbili. Kila hisa inaleta faida ya shilingi tatu kwa mwaka. Miaka minne, umerudisha bei."

Hapo nilielewa hata kabla ya kalkuleta kumaliza. Ni ng'ombe anayerudisha bei yake kwa ndama wanne. Ila nikajiuliza, ng'ombe wa namna hiyo mwenyewe anamuuza kwa nini?

Nilijiuliza kimoyomoyo tu, kwa sababu kitabu cha mwaka cha kampuni kilikuwa kimefika, karatasi nene zinazoteleza, na ukurasa wa pili wakurugenzi saba wamekaa mstari mmoja. Sisi ni watu wa ng'ombe. Tuliruka hesabu, tukaangalia matumbo.

"Tazama huyu wa katikati," alisema mwuza ngozi. "Huyu hajawahi kulala njaa."

"Na shingo je? Hiyo shingo ni ya mtu mwenye malisho!"

Tukakubaliana kwamba kampuni yenye matumbo saba kama yale haiwezi kuanguka. Mwalimu alikunja uso, lakini hakukataa pesa. Nami niliweka bei ya fahali mzima. Sifichi.

Mambo yangeishia hapo, ila kulikuwa na shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu, aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, huko Muhuru Bay. Alikuwa na fahali wawili tu, na binti aliyepata nafasi chuo cha wauguzi. Fahali wale walikuwa karo ya binti, hakuna nyingine. Sasa kanisani alikuwa amesikia kwamba hisa zinazaa.

"Shemeji, niuzie hao fahali," aliniambia. "Nikiweka pesa zao kwa kikundi, kufika Januari zitakuwa zimezaa kidogo."

"Na zisipozaa?"

"Si wewe mwenyewe umeweka? Ama wewe unaweka pesa mahali hujui?"

Pesa yangu nilikuwa nimeitupa kwa sababu ya tumbo la mtu kwenye picha. Ya kwake ilianza kuniwasha. Pesa hizo zikipotea, binti anarudi kuanika omena. Nikapanda gari kwenda Homa Bay.

Depo ilikuwa na rangi mpya. Leo jengo lile ni kinu cha kusaga mahindi, na mahindi yenyewe, watu wanasema, bado yanatoka na harufu ya sabuni. Lakini siku hiyo liling'aa. Msimamizi, kijana mwenye tai, alinifungulia mlango kwa furaha. Katoni zilifika darini.

"Tazama mali, mzee! Hakuna depo nyingine imejaa hivi."

"Zinalipwa zikifika?"

"Hapana. Sisi tunalipa tukishauza. Lakini kule kiwandani, lori likitoka tu getini wanaandika imeuzwa."

"Ikikaa hapa mwaka mzima?"

"Imeshauzwa, mzee, jaduong'! Iko kwenye kitabu!"

Nikamshukuru. Nikavuka barabara, nikakaa kwa mama mwuza chai, nikafanya kama babu. Nikala kwanza. Mandazi mawili, chai, chai tena. Lori la kwanza likaingia limejaa, likatoka tupu. La pili vilevile. Nikauliza habari za mvua. Kufika saa kumi katoni moja tu ndiyo ilikuwa imetoka, nayo ilichukuliwa na msimamizi mwenyewe, ameibeba kichwani, tai begani.

"Mama, vikombe hivi unaosha na sabuni yao?"

"Ile?" Mama alicheka mpaka akaweka birika chini. "Ukiipeleka kwa maji ya ziwa inakataa povu. Afadhali majivu."

Nikajua fahali huyu amelishwa chumvi.

Jumatano nilikuta shemeji ameshafika na fahali wake, amewafunga kamba moja, na mnunuzi aliyejitafutia mwenyewe anasubiri kando yake. Kwetu mnunuzi akishaishika kamba mambo yamekwisha, hata ukilia. Nikasimama, nikaeleza yote: darini, getini, katoni ya tai.

"Mwenzetu alikwenda kupima kampuni kwa mandazi," alisema mwuza ngozi. Wakacheka.

"Unawataka fahali wa mjane," akadakia mwingine, "ama unamtaka mjane?"

Wakacheka zaidi. Mwalimu akainua kitabu. "Mzee, faida imepanda miaka mitatu mfululizo. Imeandikwa. Wewe uliishia darasa la ngapi?"

"La tatu, mwalimu. Lakini nauliza tu. Katika nyumba zetu kumi na mbili, nani ana mche mmoja wa sabuni hiyo?"

Wakaangaliana. Mkatoliki mmoja alisema mkewe aliwahi kununua, wakamwogeshea mbwa.

"Hayo ni maneno ya jikoni," alisema mwalimu. "Hapa tunasoma kitabu."

Nikamgeukia shemeji. "Wewe ukitoka kwa omena, mikono unaosha na sabuni gani?"

Akataja nyingine kabisa. "Hii ya kwao haiondoi harufu. Siwezi kutupa shilingi yangu ku..."

Akaitazama mikono yake, halafu akawatazama fahali. Mnunuzi alikuwa ameshanyoosha mkono. Shemeji akaizungusha kamba kwenye kifundo chake mara mbili, akasema, "Hawa wataenda chuo wenyewe. Mnisamehe, wazee."

"Mpeleke basi!" mwuza ngozi aliniambia. "Na mahari usisahau!"

"Ukitoka sasa," alisema mwalimu polepole, akiirudisha kalkuleta kwenye soksi, "fungu lako linabaki la kikundi. Ndiyo sheria."

Kitabu kilikuwa wazi mezani. Yule mkurugenzi wa katikati alikuwa akinitabasamia kwa shingo yote. Nikachukua kofia yangu, nikafuata fahali wawili waliokuwa wameanza kuondoka, na sikurudi tena.