Mkono Utosini

Mtu akifungua kibuyu cha mursik karibu nami, ile harufu ya maziwa lala na mkaa hunirudisha jikoni kwa jirani yetu mtaani Langas, wiki ile ya baada ya kura, nyumba za watu wa kabila letu zikichomwa na watu wa kabila lake.

Mamangu alizoea kunisifu dukani kwetu. "Angalieni huyu alivyo mweupe. Ni wa kwetu kabisa!" Nami nilivimba kichwa, kana kwamba hiyo rangi niliichanganya mwenyewe.

Siku ile duka lilikuwa limeteketea. Mama alijificha nyuma ya magunia ya mahindi ya jirani, na mimi nilikuwa bado na kikombe mkononi wanaume wenye mapanga walipoingia.

"Mama, huyu mtoto ni wa nani?" mmoja wao akamwuliza jirani.

"Wangu," jirani akajibu.

Walinitazama uso, wakamtazama yeye, mweusi tititi. Hawakuamini. Ndipo mzee wao akaingia, na mimi, bila kufikiri, nikamwendea nikainamisha kichwa anishike utosini, vile jirani alivyonifundisha kusalimia wazee wa kwao tangu nianze kutembea.

Kiganja chake kikatua utosini. Kikakaa.

"Huyu amelelewa hapa," akawaambia wenzake. "Twendeni."

Walipotoka, jirani alicheka huku akilia. Mama akatoka nyuma ya magunia, amejaa vumbi, akanishika mashavu yale yale aliyokuwa akiyasifu. Kisha alimgeukia jirani yake, mwanamke wa rika lake, akainamisha kichwa ili naye ashikwe utosini.