"Mbeyu Amechoka. Tuimbe."

"Mbeyu, unaendeleaje na wokovu?"

Niliulizwa swali hilo Alhamisi moja huko Magongo, Mombasa, sebuleni kwa Mama Mwende, kiongozi wetu, nikashindwa kulijibu. Katika ushirika wetu wa nyumbani tunakaa duara. Kiongozi huanza na aliye mkono wake wa kulia, na kila mmoja husimama, husalimu, kisha hueleza ametembeaje na Mungu wiki hiyo. Jibu linajulikana: nimeokoka, nampenda Bwana, nasonga mbele. Mimi nilisimama nikatazama zulia. Lori la mafuta lilipita barabarani, vioo vya dirisha vikatetemeka, likaenda zake, na bado sikuwa nimesema neno.

Naandika kwa ajili ya yeyote aliyewahi kusimama hivyo.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa mbio. Nimelelewa Changamwe na mama yangu, Mgiriama wa Kaloleni anayeuza leso. Nilisoma chuo kikuu, nikapata kazi katika kampuni inayotoa mizigo bandarini. Nilikuwa mbishi. Mchungaji akimaliza kuhubiri, nilimfuata nje kumuuliza amejuaje.

"Wewe binti," aliniambia siku moja akicheka, "Petro akikuona langoni atakupa funguo ujifungulie mwenyewe, yeye akapumzike."

Lakini Jumapili mimi ndiye niliyeongoza nyimbo, na nilipoimba, maswali yalinyamaza. Nilidhani huko kunyamaza ndiko kuamini.

Ugonjwa uliingia polepole. Nililala mapema nikaamka nimechoka kama niliyebeba magunia usiku kucha. Nikipiga magoti kuomba, nilijikuta nimesinzia na mate yamelowesha shuka. Nikifungua Biblia, nilisoma mstari uleule tena na tena bila kuambiwa kitu, kama tangazo la ofisi ambayo sina shughuli nayo. Kisha ikaja baridi. Mombasa, msimu wa joto, nikavaa sweta.

"Mimi jasho lanitoka hadi kisogoni, nawe wavaa sweta?" mama alisema. "Mwanangu, una nini?"

"Sina kitu, mama. Nimechoka tu."

Uso ulivimba. Ngozi ilikauka. Nywele zilibaki kwenye kitana. Choo nilikipata kwa shida, na hedhi ikawa nzito, ikakawia kukatika. Mwishowe sauti yenyewe ikaanza kukwaruza.

Kanisani uchovu wangu ulipata jina upesi: Mbeyu anarudi nyuma. Hawakusema kwa ubaya. Kwetu, mwimbaji akipoteza moto hutafutwa dhambi iliyouzima, na dawa yake ni kufunga na kuomba. Mimi niliyehoji kila kitu, hilo sikulihoji. Mwili usio na nguvu niliunyima chakula, na kila nilivyozidi kudhoofika niliamini sijafunga vya kutosha.

Jumapili moja, kipaza sauti kikiwa mkononi, nilianguka. Nilipofumbua macho, mikono mingi ilikuwa kichwani pangu, watu wakiniombea huku wanalia. Palikuwa na upendo katika mikono ile, hilo sitalikana. Kisha mzee mmoja wa kanisa akaniinamia.

"Kiri uponyaji wako, binti."

"Nimepona," nikasema kwa sauti yangu ya kukwaruza. Wakapiga makofi.

Ukishakiri, husemi tena kwamba unaumwa. Kusema hivyo ni kama kumrudishia Mungu zawadi yake. Basi nikawa mgonjwa asiye na ruhusa ya kuumwa. Niliulizwa hali, nikajibu nimepona, huku nimeshikilia ukuta.

Aliyechoka kungoja ni mama. "Vaa twende hospitali," aliniambia. "Mungu hakasiriki mtu akipimwa."

Daktari alikuwa kijana mpole. Aliniuliza nina shida gani.

"Sina shida. Niliombewa, nimepona."

Mama akaguna. Daktari hakucheka. "Vyema," alisema. "Na walipokuombea, walikuombea nini?"

Nikamweleza: baridi, nywele, choo, hedhi, sauti. Nilieleza mpaka nikalia. Alisimama nyuma yangu, akaniwekea vidole shingoni. "Meza mate. Tena." Kisha akaagiza damu ipimwe.

Majibu yalionyesha kwamba tezi iliyo shingoni, ile inayouamuru mwili utumie nguvu zake kwa kasi gani, ilikuwa imelegea karibu kusimama. Damu nayo ilikuwa imepungua.

"Huu si uvivu," daktari alisema. "Utameza kidonge kila asubuhi kabla ya kula, huenda kwa maisha yako yote."

"Na chai?" mama akauliza.

"Chai ingoje kidogo, mama."

"Itangoja. Birika nitaikalia mimi."

Miezi ilipita. Uso ukarudi kuwa wangu. Sweta ikarudi sandukuni. Nilianza tena kupanda ngazi za ofisini huku naongea kwenye simu.

Shuhuda nyingi huishia hapa. Yangu haikuishia hapa. Nilidhani mwili ukirudi, maombi nayo yatarudi. Hayakurudi. Sasa nilikuwa na nguvu za kupiga magoti, na nikiyapiga sikusikia kitu. Tezi ilieleza usingizi. Ule ukimya haikuueleza. Na ugonjwa wa kuusingizia sikuwa nao tena.

Alhamisi ile, basi, duara zima lilingoja nitoe ushuhuda wa kupona. Nilijua kwamba nikijibu "nasonga mbele," nitakuwa nimeshikilia ukuta tena, na nyumba ile sitarudi. Nikisema kweli, huenda wao hawatanitaka. Kaka mmoja akasema.

"Dada, labda kuna jambo hujaungama..."

Mama Mwende aliinua mkono. Ni mwanamke wa maneno machache, mke wa fundi wa bohari la mafuta. "Mbeyu amechoka," alisema. "Tuimbe."

Akaanzisha wimbo yeye mwenyewe, kwa sauti yake isiyokaa kwenye tuni, na duara likamfuata. Sikukemewa. Nilikaa nikawasikiliza watu wengine wakiamini.

Kwa sababu hiyo tu, nilirudi Alhamisi iliyofuata, na nyingine. Niliacha kuongoza nyimbo. Nilikwenda mapema nikamsaidia Mama Mwende kumenya viazi vya kula baada ya ibada. Ombi langu likawa fupi: "Niko hapa." Siku nyingine hata hilo nililisema kwa mdomo tu. Sijui ni lini ukimya ulibadilika. Ninachojua ni kwamba baadaye niligundua hauniogopeshi tena, na kwamba ndani yake naweza kukaa na Mungu kama unavyokaa na mtu mnayejuana naye. Maswali yamerudi yote, nami huomba nayo. Pale nilipokuwa zamani sijarudi, na sidhani nitarudi. Siku hizi naimba sauti ya pili.

Namshukuru Mungu, na mama, na yule daktari. Wewe uliyechoka, ombewa, na damu ukapimwe. Mwili mgonjwa usiunyime chakula. Ukipona na ukimya ukabaki, usijitafutie dhambi usiyoitenda. Kaa karibu na wanaoimba.

Muda mrefu baada ya hayo, tukiwa jikoni mimi na Mama Mwende na viazi vyetu, niligundua kitu. Swali huzunguka duara lote, na likimfikia kiongozi, yeye hufunga kwa sala. Hakuna anayemuuliza.

"Na wewe, mama," nikasema, "unaendeleaje na wokovu?"

Kisu chake kilisimama. Mwende, niliyemjua kwa jina tu, alikuwa kifungua mimba wake, na alikufa akiwa mdogo.

"Tangu tumzike Mwende, nikiomba sisikii kitu," alisema. "Miaka yote hii. Siku ile uliponyamaza, nilikusemea nilichotamani mtu anisemee mimi."

Kumbe jioni ile, miongoni mwa wale niliodhani wanaamini bila taabu, aliyeanzisha wimbo alikuwa amekaa katika ukimya huo kabla mimi sijajua kuimba.