Niliandika "Wagonjwa, Hakuna", Mwenzangu Akapoteza Jicho

Msinionee huruma, sijaandika kwa ajili hiyo. Kosa ni langu, kwa mkono wangu na kwa kalamu yangu. Nimekaa nalo rohoni mpaka limenichosha, leo acha niliteme.

Mimi ni Mkenya, mwanajeshi mstaafu. Nilipotoka jeshini nilipata kazi ya ulinzi Iraki, kwenye kambi ya Wamarekani. Nilikuwa kiongozi wa zamu. Chini yangu alikuwepo Mganda mmoja, naye askari mstaafu. Nitamwita Okello, ingawa si jina lake.

Nyuma ya kambi palikuwa na shimo la kuchomea taka. Usidhani ni maganda ya ndizi! Magodoro, betri, matairi, plastiki, vyote vinamwagiwa mafuta ya ndege vinawaka kutwa kucha. Mnara wa tatu ulikuwa unalitazama lile shimo, na hakuna aliyeutaka. Nikampanga Okello. Kwa nini yeye? Kwa sababu alikuwa mtu wa "ndiyo, afande", halalamiki. Miezi kumi na minne nilimpanga palepale.

Ikaanza pua. Kamasi za kijani, mara damu, uso unamuuma mpaka kwenye meno. Nami badala ya kumwonea imani nikambandika jina. "Kamasi yuko wapi? Kamasi, mnarani!" Kikosi kizima kinacheka. Na yeye alicheka, maskini.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kila asubuhi nilijaza daftari la zamu: waliopo wangapi, wagonjwa wangapi. Na sisi walinzi tulikuwa na sheria yetu isiyoandikwa popote: mgonjwa leo, kesho ndege ya kurudi kwenu. Kwa hiyo watu walificha maradhi. Okello mwenyewe alinishika mkono: "Afande, nakuomba, usiniandike. Watoto yangu wako shule."

Nikaandika: Wagonjwa, hakuna. Kesho yake hivyo hivyo. Wakubwa wakakisifu kikosi changu, kikosi cha chuma, na sifa ile ndiyo iliyonipa usimamizi Dubai mkataba ulipokwisha. Daftari nikalitunza kama cheti cha ndoa.

Dubai tukakutana tena. Hoteli moja mtaa wa Garhoud, mimi msimamizi, yeye mlinzi wa maegesho ya chini ya ardhi. Tukalala chumba kimoja mtaa wa Karama, watu sita. Asubuhi akijikamua pua bafuni napiga mlango teke: "Yalla, Kamasi, khalas! Sisi wengine hatuogi?" Anatoka ameinamisha kichwa, ananipisha.

Daktari akamwambia ni sainasi sugu. Usaha umejaa ndani ya mifupa ya uso, na asipopasuliwa utapanda kwenye jicho. Bima ya kazini ikamkatalia, eti ni ugonjwa wa zamani. Ndipo akasikia kwamba sisi tuliolinda zile kambi tuna haki ya kudai matibabu na fidia kwa maradhi tuliyoyapata kule. Akadai kwa bima ya kampuni iliyotuajiri Iraki. Wakamjibu hakuna kumbukumbu kwamba aliwahi kuugua. Akakata rufaa, na mwanasheria wake akamwambia jambo moja tu: mlete aliyekuwa kiongozi wako aseme ukweli.

Akaja kwangu na kofia mkononi.

"Afande, wewe andika tu vile ilikuwa. Mimi niliumwa, na ni mimi nilikuomba usiniandike. Kosa iwe yangu."

Ya Rabi! Mtu alikuwa tayari kunibebea kosa langu. Nikamjibu, "Tutaona, inshallah." Aliyeishi Dubai anajua inshallah ya msimamizi ni "hapana" iliyovikwa kanzu.

Wakati huo nafasi ya mkuu wa ulinzi hotelini ilikuwa wazi, na mimi nilikuwa naitolea udenda. Nikikiri kwamba daftari langu ni la uongo, nani ataniamini? Basi alipokuja mpelelezi wa ile bima ya Iraki, nilimkaribisha mkahawani hapo hapo hotelini nikamfunulia daftari, ukurasa kwa ukurasa. Akaandika maelezo, nikatia saini: kikosini mwangu hakuna aliyeugua pua wala kifua, nami nikiwemo.

Na nikaongeza la kwangu ambalo hata sikuulizwa. Nilisema huyu Okello ana tabia ya kujitia ugonjwa ili akwepe kazi. Mtu ambaye hakuwahi kukosa zamu hata moja! Jamani, ulimi huu ungekatwa siku ile.

Barua ya rufaa ikaja. Kiingereza cha kisheria kilimshinda, akamletea nani amsomee? Mimi! Nikasoma, nikafika palipo na jina langu na maneno yangu, nikaruka. "Wanasema ushahidi hautoshi, Okello. Pole sana." Akanishukuru. Akanipeleka kwenye mkahawa wa Wahindi chini ya jengo letu, akaninunulia chai ya maziwa na chapati. Nikala, tena nikaomba nyingine.

Haikupita miezi miwili jicho la kushoto likavimba likafunga. Walipompasua kwa dharura, nuru yake ilikuwa imeshakwenda. Mlinzi wa jicho moja nani anamtaka? Visa ikafutwa, na aliyempa karatasi ya kusaini alikuwa mkuu mpya wa ulinzi, yaani mimi. Hata kumsindikiza sikumsindikiza, na uwanja wa ndege uko pua na mdomo na hoteli yetu.

Ile barua alikwenda nayo kwao. Binti yake mkubwa, mmoja wa wale watoto waliokuwa shule, ndiye aliyemsomea yote bila kuruka neno.

Mungu si Athumani. Miaka mitatu baadaye yakanianza mimi. Harufu ya chakula siisikii, uso unawaka moto, na daktari akanitajia sainasi ileile. Nami si nilikuwa nazunguka minara yote kukagua? Nikadai, nikakataliwa, nikakata rufaa. Mwanasheria akanipigia: "Bwana, hii saini inayosema hata wewe hukuugua, ni ya nani?" Nikamwambia ni yangu.

Akasema nitafute shahidi tuliyekuwa naye kule. Wenzangu wa kikosi walishasikia habari ya ile barua, kila niliyempigia alikuwa na shughuli. Akabaki mmoja. Nikamwandikia Okello nikamwita kaka, jina ambalo sikuwahi kumwita. Siku nne kimya. Ya tano akanitumia ujumbe wa sauti, mfupi. Kwanza nikasikia anavuta pua, kama zamani. Kisha, kwa sauti ya paredi:

"Afande! Wagonjwa, hakuna!"

Basi, na namba yangu akaifungia. Nilimtukana, wallahi, nilimtukana matusi yote ninayoyajua, peke yangu na simu mkononi. Halafu nikakaa kitandani nikalia mpaka kamasi zikaniziba pumzi.

Rufaa yangu imetupwa. Daftari langu ndilo lililonihukumu.

Enyi viongozi wa zamu, wa hoteli, wa maghala, wa majumba ya matajiri kule Mirdif, mkubwa mzima namkanya mkubwa mwenzangu. Atakuja mtu akulilie usimwandike. Mwandike! Akununie, akulaani, mwandike. Na kama ulishamwandikia uongo kwa kumhurumia, siku akirudi kuutaka ukweli mpe, hata ukikugharimu cheo. Mwandike mgonjwa, na mnara wa tatu upande mwenyewe.