Jina la Lusekelo lilivyofutwa kwenye draiva ya redio

Jumanne, Machi 11 mwaka 2025, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Veneranda Kihwele, mtangazaji wa kituo kimoja cha redio kilichoko Kihesa, mjini Iringa, anasoma tangazo la tatu la msiba. "Mazishi yatafanyika leo saa..." Hapo umeme unakatika.

Jenereta inawaka. Taa zinarudi, feni inazunguka, kompyuta ya kurushia matangazo inajiwasha yenyewe. Sauti hairudi.

Muda huohuo, jijini Mbeya, Lusekelo Mwaipaja (38) yuko kwenye kibanda chake cha ufundi pale Mwanjelwa, ameinamia laptop ya mteja iliyomwagikiwa uji. Mke wake, Tumpe, anamwekea kikombe cha chai upande ambao hawezi kukigonga. Hakuombwa. Mwanaume mwenye mtu wa kumfanyia hivyo ana utajiri, ila wengi huuona siku ukishaondoka.

Simu inaita. Lusekelo anaangalia jina, anaiacha iite. Inaita tena.

"Pokea," anasema Tumpe. "Ni mtu wako wa kwenye picha."

Mtu wa kwenye picha ni Liberatus Luhwago, fundi mitambo wa redio hiyo. Miaka mitano hawa wawili walikaa benchi moja hapo Mwanjelwa, wakitumia koleo moja na risasi ya kuchomelea ya kugawana. Liberatus akaenda chuo, akapata shahada, akapata ofisi yenye mlango. Lusekelo aliishia kidato cha pili baba yake alipofariki, akabaki na benchi.

Picha yenyewe ni ya Mei Mosi 2024. Liberatus anapokea cheti cha mfanyakazi bora na televisheni, kwa kuirudisha hewani redio iliyokuwa imekaa kimya siku mbili mwezi Februari.

"Ameikuza hiyo picha kwenye simu mpaka meno ya mwenzake yamekuwa kama tofali," anasema Tumpe. "Nikamwambia, baba Pendo, sasa unatafuta nini humo ndani? Anasema anaangalia televisheni ni inchi ngapi."

Lusekelo hakatai. "Nina wivu. Andika hivyo hivyo. Usiandike nimeumizwa, sijui nimesikitika. Andika wivu."

Wivu huo una sababu. Februari ile, aliyeirudisha redio hewani ni yeye.

Kompyuta ya redio, anaeleza, ina kerneli, yaani kiini kinachoendesha kila kitu humo ndani. Ili kiini kiongee na kifaa cha sauti, zinahitajika draiva mbili, yaani programu ndogo za kuviunganisha. Ya kwanza inakijua kifaa, ya pili inatoa sauti. Ya pili haisimami bila ya kwanza, na zote mbili lazima zijengwe kwa kiini kilekile. Kiini kikibadilishwa, zote zinajengwa upya kwa zamu. Unaanza na ya kwanza, unachukua orodha ya majina ya kazi zake, unaipa ya pili, ndipo unaijenga hiyo.

"Ni kama kwenda kuposa," anasema. "Mshenga anatangulia, wakwe wanamjua, ndipo muoaji anaingia. Ukibadilisha mshenga njiani mnafukuzwa mlangoni, hata kama ng'ombe mnao."

Redio nyingine zingenunua kifaa kipya chenye draiva zake. Wakubwa wa hii walinunua kilichotumika, ambacho kiwanda chake kilishaacha kukishughulikia, kwa sababu mwenye kutia saini alitaka sifa ya kubana matumizi. Wenye kutia saini hawakai kwenye kimya wanachokileta. Anakaa fundi.

Februari hiyo Lusekelo alipanda basi hadi Iringa, akakaa siku mbili sakafuni chini ya meza ya Liberatus, akizirekebisha draiva ambazo zilikuwa zinakataana. Zilipopatana, alifanya jambo moja la kujipendelea. Kila draiva ina mstari wa kuandika mtengenezaji wake. Kwenye ile ya kwanza aliandika: Lusekelo Mwaipaja, Mwanjelwa.

"Sikuomba cheti. Nilijua mtambo unanijua, basi."

Tumpe anacheka akisikia hayo. "Aliporudi aliniandikia mstari huo kwenye karatasi ya mandazi. Ninayo mpaka leo."

Turudi kwenye simu ya Machi 11. Lusekelo ameipokea, na mkewe alikuwa amesimama karibu akisikia kila neno.

"Kamwene, bosi," alianza Lusekelo, akimsalimia kwa Kihehe.

"Kaka, usinitanie. Redio haina sauti."

"Mbona yako naipata vizuri?"

"Lusekelo! Draiva ya pili imegoma. Inasema ile ya kwanza haiielewi."

"Wakati jana zilikuwa zinaelewana. Ya kwanza umeijenga lini?"

"Jana jioni."

"Ilikuwa inaumwa?"

Liberatus akarudia kwamba redio haina sauti.

"Nisomee mstari wa mtengenezaji," akasema Lusekelo.

Liberatus akasoma jina lake mwenyewe. Tumpe anasema mumewe aliweka bisibisi mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Kilichotokea, Liberatus mwenyewe alikieleza kwa mwandishi. Machi 12 wafadhili walikuwa wanakuja kukagua mitambo, na meneja alitaka wapewe orodha ya programu zote na watengenezaji wake. Akaliona jina. "Akaniuliza, huyu wa Mwanjelwa ni nani? Akasema jina la fundi wa mtaani haliwezi kuonekana mbele ya wageni."

Liberatus akalifuta, akaandika lake. Kabla ya hapo alikuwa ameruhusu kompyuta ijipakulie kiini kipya. Akajenga draiva moja tu, ile yenye jina, kwa kiini hicho kipya. Ya pili haikuwa na jina la mtu, akaiacha kama ilivyo. Usiku kucha kompyuta ilifanya kazi kwa vitu vya zamani, hakuna aliyejua. Umeme ulipokatika asubuhi ikaamka na kiini kipya. Mshenga mpya akaingia, muoaji akabaki nje.

Lusekelo angeweza kukata simu. Anakiri alitaka. "Nilisema moyoni, hii ndiyo siku yangu. Wazime mpaka wageni wafike wakute kimya."

Halafu akasikia sauti ya Veneranda nyuma ya Liberatus: "Kaka, kuna kijana amepiga yuko Mafinga! Anauliza mama yake anazikwa saa ngapi! Familia siipati kwenye simu, na tangazo limo kwenye programu isiyofunguka bila kifaa cha sauti!"

"Keti chini," Lusekelo akamwambia Liberatus. "Fungua, andika ninachokutajia. Tunaanza na ya kwanza."

Ilichukua dakika arobaini. Liberatus aliuliza kama arudishe jina. Lusekelo akamwambia aliache. "Kurudisha ni kujenga tena zote mbili, robo saa nyingine. Yule mama hawezi kunisubiri mimi na wivu wangu."

Saa mbili na dakika kumi Veneranda alirudia tangazo lote: mazishi yatafanyika leo saa nane mchana, Tosamaganga. Kijana wa Mafinga aliwahi.

Wageni walikuja kesho yake, wakala, wakasifia. Wiki iliyofuata Liberatus akapandishwa kuwa mkuu wa mitambo. Nafasi aliyoiacha ilitangazwa. Lusekelo aliomba, barua ikarudi ndani ya siku nne: hana shahada. Ambao hatukufika mbali darasani tunaijua kasi ya barua hizo.

Meneja, aliyeomba jina lake na la kituo visitajwe, alisema kwa simu: "Sisi tunatambua mchango wa wadau wote." Mwenye jina lililofutwa kapata jina jipya, mdau.

Liberatus haonekani mwenye raha na cheo chake. "Watu wanadhani wivu ni wa Lusekelo tu," anasema. "Mimi nimekaririshwa chuoni miaka minne. Yeye anasikiliza tu kwenye simu, anajua ugonjwa uko wapi. Unafikiri nalala vizuri?"

Na jina, kwa nini mpaka leo hajalirudisha?

"Muulize meneja," anasema, na simu inakatika.

Lusekelo anaendelea na kibanda, siku nzuri elfu kumi na tano, siku mbaya nauli. Amejiandikisha mtihani wa watahiniwa wa kujitegemea. Anasoma hesabu kwa daftari la binti yake Pendo, aliyeko kidato cha pili, palepale baba alipoishia. Akifaulu, na akifika shahada, ataomba nafasi hiyohiyo, kwenye redio hiyohiyo. Tumpe amemuuliza kwa nini asiombe kwingine. Amejibu kwamba kwingine hakuna draiva yake.

Machi 24 alipanda basi akaenda Kihesa kupeleka barua kwa mkono. Nakala anayo, imegongwa muhuri wa kupokelewa. Haina malalamiko wala hesabu ya fidia. Baada ya salamu ina sentensi moja, na mpaka tunakwenda mitamboni hakuna ofisi iliyoijibu:

"Kama fundi aliyeandikwa kwenye draiva ndiye aliyeitengeneza, siku ile redio ilipozima mlimpigia nani?"