Nta Kwenye Tundu la Moshi

Ipo siku moja ya mvua za kwanza ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na juzi uliponikaribisha jikoni kwako ikanirudia yote. Ulinionyesha jiko lako jipya la gesi kwa furaha, nami nikakupongeza, maana ni zuri kweli. Lakini macho yangu yalikuwa kwingine. Pazia la dirisha linapepea karibu na moto. Mtungi umeuvisha kitambaa cha kufuma kama mtoto anayepelekwa kliniki. Na lile tundu la moshi la jiko la zamani umelisokomezea kipande cha godoro. Ukaniambia, "Bibi, gesi haina moshi, tundu la nini tena? Panya tu wanaingia." Nikanyamaza, maana si adabu kumkemea mtu huku unakunywa chai yake. Leo uko kwangu, kwa hiyo kaa nikusemeshe.

Nilikuwa binti kama wewe, nimetoka kwetu Mamba nikaolewa upande wa Ugalla, na mimba yangu ya kwanza tumboni. Mume wangu Deusi alikuwa mrina asali. Msimu ukifika, yeye na wenzake waliingia porini kwenye mizinga, wakakaa huko kambini mpaka kazi iishe. Mimi nilibaki peke yangu pembeni mwa kijiji. Kwetu tulikuwa tunalala watoto sita kwenye chumba kimoja, tunagombania blanketi. Kule nilikuwa na blanketi zima, na sikupata usingizi. Upweke unauma, mwanangu, asikudanganye mtu. Nilikuwa naongea na kuku, tena nangoja wanijibu.

Mama mkwe wangu aliishi ng'ambo ya shamba la mihogo. Alikuwa mjane, mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache kama aliyeyanunua. Tangu Deusi aondoke hakuwahi kutia mguu kwangu. Nami nikajisemea, kama hanitaki, basi. Nikakaa kwangu, naye akakaa kwake.

Sasa, kitu kimoja kilikuwa kinanipa fahari mle ndani, na ni jiko. Deusi aliona moshi unanikohoza na mimba ile, akanijengea jiko la udongo lenye bomba la kutolea moshi. Bomba lenyewe alilipata kwenye bani bovu la kukaushia tumbaku. Nyumba ilikuwa ya nyasi, kwa hiyo pale bomba lilipopenya paa alikata nyasi zikakaa mbali nalo, akazungushia udongo, akaacha uwazi wa kutosha mkono kupita. Juu akaweka kipande cha bati kama kofia. Sikumuuliza uwazi ule ni wa nini. Nilidhani udongo ulimwishia.

Mvua zikaanza, zile za upepo. Maji yakawa yanaingia kwa ubavu, yanapita kwenye uwazi ule na kuchuruzika mpaka kwenye chungu changu. Ugali ukala matone, kuni zikalowa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nilikuwa msikivu wa wahenga. Nikatafuta kitu kisichopitisha maji. Na kwenye nyumba ya mrina asali, kitu kisichopitisha maji ni kimoja tu, nacho ni nta. Tuliitumia kuziba mitungi, kuziba vibuyu, hata ndoo iliyotoboka. Nikayeyusha nta, nikachovya magunia na khanga kuukuu, nikapanda juu ya kinu nikasokomeza pande zote za bomba mpaka pakakaza. Mvua ikaja, hata tone moja halikuingia. Nikajiona fundi, nikacheka peke yangu!

Kesho yake nikawasha moto mkubwa wa kuchemsha maharage. Baada ya muda nyumba ikaanza kunukia vizuri, harufu ya masega. Nikasema, ah, Deusi wangu anarudi, pua inamwona kabla ya macho. Nikakaa pale kwenye kigoda, mjinga wa Mungu, nafurahia harufu ya nyumba yangu inayoanza kuungua.

Mlango ukasukumwa bila hodi. Alikuwa mama mkwe, anahema, miguu tope hadi magotini, kashika mchi.

"Toka nje!"

"Shikamoo, Mama..."

"Shikamoo utanipa baadaye. Toka!"

Nikatazama juu, mayo wee! Nta ilikuwa inadondoka, na kila tone likigusa jiko linawaka. Kwenye bomba, magunia yalishashika moto, ulimi mwekundu unalamba kuelekea kwenye nyasi. Nikakimbilia ndoo ya maji. Akanipiga kikumbo nikaangukia mlangoni. "Usimwage maji kwenye nta! Unataka itapakae nyumba nzima?" Akapanda juu ya kinu, mwanamke wa umri ule, akachokonoa kwa mchi, akayaangusha magunia moja moja, na kila linalofika chini analifukia kwa majivu na mchanga. La mwisho lilinasa. Akalivuta kwa mkono.

Kisha moto ukazimika, tunasikia mvua tu. Maji yakaanza tena kuchuruzika kwenye uwazi, yakadondokea maharage yangu. Ngozi ya mkono wake ilikuwa imebabuka, na alikuwa anautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Nani kakwambia uzibe hapa?" akauliza.

"Palikuwa panavuja, Mama."

"Na pavuje! Nyumba ikivuja utaamka umelowa. Ikiungua, wewe na huyo aliye tumboni mtaamkia wapi? Mume wako aliacha nafasi ili bomba lipate moto peke yake bila kuunguza jirani. Kila mtu alijua isipokuwa wewe, kwa sababu huulizi."

Maneno yale yalinichoma, na nakwambia ukweli, mpaka leo siyapendi. Nikalia kwa hasira. Nikamwambia, "Ningemuuliza nani? Tangu mwanao aondoke nimekaa humu kama mtu aliyefiwa, hata wewe hujaja. Leo ndiyo umeonaje kuja?"

Akakaa chini, taratibu, kwenye kile kigoda changu.

"Nimeona moshi," akasema. "Kila asubuhi nikitoka nje natazama huku. Moshi ukitoka kwenye bomba, najua mke wa mwanangu kaamka salama, nami naenda shambani. Leo umetoka kwenye nyasi."

"Kila asubuhi? Na huji?"

"Mkwe akija kila siku, si mtasema anawachunga? Nilikuwa nangoja uniite." Akafuta uso kwa upande wa khanga. "Na mimi pia nalala peke yangu, binti."

Nilimpaka asali kwenye mkono ule, maana ndiyo dawa tuliyokuwa nayo, na tukala maharage yenye maji ya mvua kwenye sahani moja. Figa moja haliinjiki chungu. Tangu siku hiyo tulipika pamoja, kwake au kwangu, mpaka Deusi aliporudi akatukuta tunabishana kama mtu na dada yake. Mtoto akazaliwa salama. Ndiye huyu aliyeko Mwanza, aliyeninunulia gesi mwaka jana.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana sikukuhadithia ili chai ipoe. Moto hauangalii kama ni wa kuni au wa gesi, unakula kinachoungua kilicho karibu. Ondoa lile pazia. Ule ukuta uliobandika karatasi za maua nyuma ya jiko, zibandue, upake saruji au uweke vigae. Jiko likae juu ya saruji au jiwe, si juu ya meza yenye nailoni. Ukigongomea bati juu ya mbao usijidanganye kwamba umemaliza, maana bati linapata moto na mbao iliyo nyuma yake inaungua polepole bila wewe kuona. Acha nafasi katikati, kama Deusi alivyoacha. Mtungi uvue nguo, usimame wima, mpira wake uupake povu la sabuni uone kama unatoa mapovu, maana hapo ndipo gesi inavuja. Mafuta yakiwaka kwenye kikaango usiyamwagie maji, zima gesi na ufunike. Na kile kipande cha godoro kitoe leo hii kabla hujapika cha jioni. Gesi haina moshi, sawa, lakini moto unavuta hewa ileile unayovuta wewe na mwanao. Panya weka wavu wa chuma.

Na lipo jambo ambalo fundi wa gesi hatakwambia. Pafukapo moshi pana moto, na palipo na moto pana mtu. Zamani mtu alikuwa anajua habari za jirani yake kwa kutazama paa. Siku hizi mimi napika, nakula, naosha sahani yangu moja, na hakuna mtu katika mtaa huu mzima wa Mpanda anayejua kama nimeamka. Mwanangu wa Mwanza anapiga simu Jumapili. Jumatatu mpaka Jumamosi ninaweza kufa na jiko langu likabaki linang'aa. Nasema hivi si kwa kukutisha. Nasema kwa sababu yule mama alikaa ng'ambo ya mihogo akingoja kuitwa, na mimi nilikaa huku nikingoja kujiwa, na nusura tuungue wote kwa adabu. Mimi sitangoja. Nakuita. Ukipita asubuhi kwenda sokoni, gonga mlango wangu, hata kama huna la kusema.

Mungu akupe moto wa kupikia, asikupe wa kukimbia. Akupe nyumba inayopumua, na wa kula naye mpaka uzee wako. Haya nenda, mtoto asije akaamka peke yake.