Rozari Moja kwa Rulo Moja

Baba yangu alikuwa na chombo kimoja ambacho sikuwahi kukiona kwa fundi mwingine Goma, na nilikichukia tangu nikiwa msichana. Mafundi hukiita arashe, neno walilolitoa kwenye Kifaransa. Kilikuwa chuma chenye kucha mbili na skrubu ndefu katikati, na mpini wa mbao uliong'aa kwa kushikwa. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuvua mpira uliolika kwenye rulo, zile silinda za kupaka wino za mashine ya kuchapa, na kuvisha mpira mpya. Hata kopo la maziwa kisingefungua. Kikimaliza miezi bila kazi, baba alikipaka mafuta na kukirudisha kwenye kitambaa chake, na sisi watoto tulisema kwamba kile chuma kinalala vizuri kuliko sisi.

Mashine yenyewe ilikaa chumba cha mbele cha nyumba yetu, mtaa wa Katoyi. Ilikuwa ya zamani, ya zile herufi za madini ya risasi zinazopangwa moja moja kwa mkono. Rulo tatu zilipita kwenye wino, zikapita juu ya herufi, kisha karatasi ikaja kupokea. Baba alichapa kadi za ndoa, za ubatizo, za jubilei za masista, na zaidi ya zote, kadi za matanga. Watu walikuwa wakifika na macho mekundu, wakakaa kwenye benchi letu, wakaandikisha jina la marehemu wao, na mama akawaletea chai. "Nusu ya wafu wa mtaa huu wamepita mikononi mwangu," baba alikuwa akisema, na hakuwa anatania.

Kuvisha mpira mpya si kazi ya nguvu. Tundu la mpira ni dogo kuliko chuma kinachopaswa kuingia humo. Unaupaka maji ya sabuni, unashika ukingo wake kwa zile kucha mbili, halafu unazungusha skrubu nusu mzunguko. Halafu unangoja. Mpira unatanuka, unatulia, unakubali. Ukizungusha tena kabla haujatulia, unachanika. Baba hakuwa na saa ya kuaminika, basi alipima kule kungoja kwa sala: Salamu Maria moja kwa kila nusu mzunguko, isiyokatwa wala kukimbizwa. Mpira ukifika mwisho wa chuma, rozari nayo imefika mwisho, makumi yote matano, sala hamsini. Wote waliojifunza kazi kwake walifanya hivyo. Mmoja wao alikuwa Mprotestanti, na alizisali zote bila kunung'unika, kwa sababu mpira haukuwa na habari na dhehebu lake.

Mimi sikujifunza. Mimi ni mtu wa haraka. Chai naimeza ikiwa bado inachoma. Nilisoma ukatibu, nikapata kazi katika ofisi moja kule Himbi, na nikawa yule mtoto anayekuja Jumapili na maembe na kuwaambia wazazi wake namna ya kuishi.

Mama alikwenda kijijini Kalengera kwa dada yake wakati wa kuvuna maharage, na mfuko mmoja na ahadi ya kurudi wiki inayofuata. Akashikwa na homa. Siku ya nne akafa. Wiki ile barabara ya kaskazini ilikuwa imefungwa, na baba alijaribu mara mbili kwenda na mara mbili gari lilirudishwa njiani. Mama mdogo, huyo dada yake mama, alitupigia simu siku ya maziko, akaiinua juu ili tusikie wakiimba kaburini. Mtandao ukakatika katikati ya wimbo. Baba alibaki na simu sikioni, na hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba hakuna mtu upande wa pili.

Tulipoanza kuzungumza habari ya kuondoa matanga, ile siku ya kwenda kaburini, kuvua nguo nyeusi na kumaliza kilio, mimi nilikuja na mpango wangu tayari.

"Papa, kule Himbi banatoa kadi mia moja ndani ya dakika kumi," nikamwambia. "Na photo ya couleur, rangi zote."

"Hao batu, bamemujua mama yako?"

"Papa, hiyo ni mashini. Haijue mutu."

"Sikumuzika," akasema. "Kadi yake nitafanya mimi."

Mkono wake wa kulia ulikuwa umepooza tangu mwaka uliotangulia. Vidole vilikaa wazi, havikukunjika tena. Lakini alikaa kwenye meza yake na kupanga herufi za mama kwa mkono wa kushoto. Mistari kumi na miwili, ambayo zamani ingemchukua nusu saa, ilimchukua siku tisa. Alipangua mstari mzima kwa ajili ya nafasi moja isiyolingana. Wengine wamewajengea wake zao makaburi ya vigae. Baba hakuwa na kitu kingine cha kumpa mama isipokuwa kadi ile, na nililijua hilo vizuri, nisije nikajisingizia kwamba sikujua.

Alipochapa ya kujaribu, mistari ya katikati ikatoka hafifu. Rulo ya pili ilikuwa imelika. Kwa mteja yeyote asingekubali kutoa kazi ya namna ile, sembuse kwa mkewe. Kwenye kabati kulikuwa na mpira mmoja mpya, wa mwisho, umefungwa kwa gazeti. Fundi wa Kampala aliyekuwa akiimimina mipira ya namna hiyo alishaacha kazi hiyo kitambo. Kaka yangu yuko Butembo, na wale waliojifunza kwa baba wametawanyika, kila mmoja na pikipiki yake au duka lake la simu. Skrubu ilihitaji mikono miwili yenye nguvu. Iliyobaki ilikuwa yangu.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Kwa siku hiyo hiyo nilikuwa nimeahidi kuhudhuria kamati ya harusi ya mwenzangu wa ofisini, saa tano. Baba alikuwa amenyoa. Alikuwa ametandika kitambaa safi mezani na kuweka arashe juu yake, na bakuli la maji ya sabuni pembeni. Tulivua mpira wa zamani, ukatoka vipande vipande. Kisha akanionyesha jinsi ya kushika ukingo wa mpira mpya, akakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akatoa rozari mfukoni.

"Pole pole," akasema. "Zungusha nusu, sali, ngoja. Usiangalie mupira. Sala ndiyo itakuambia."

Akafumba macho, akaanza. Kumi la kwanza nilisali naye neno kwa neno, na mpira ukaingia vizuri. Katika kumi la pili simu yangu ilianza kutetemeka mfukoni. Ni watu wa kamati, wanauliza niko wapi. Nilihesabu: nikienda hivi nitamaliza saa sita. Mpira ulikuwa ukiteleza bila shida yoyote, na mtu mwenye haraka akiona kitu kinateleza anaanza kuamini kwamba wakubwa walikuwa wanajichelewesha bure. Katika kumi la tatu nikawa nazungusha nusu mbili kwa sala moja. Midomo yangu ilisema Salamu Maria sawasawa na ya baba, sauti yangu haikutangulia, na mikono ikaenda zake. Yeye alikuwa amefumba macho. Nilifanya hivyo mbele ya baba yangu aliyekuwa akimwombea mama yangu, na sikuona vibaya. Nilijiona mjanja.

Mlio wake ulikuwa mdogo, kama kitenge kinachochanwa na muuzaji sokoni Birere. Mpira ulifunguka kutoka ukingoni hadi karibu na katikati.

Baba akafumbua macho. Alikuja, akaugusa mpira kwa mkono wake wa kushoto, akauvuta kidogo kuelekea mwanga. Nilikuwa nimeshaandaa maneno. Nilikuwa nitasema, Papa, nimekosa, nilikimbiza. Maneno yalikuwa hapa, kwenye ulimi. Lakini yeye akatangulia.

"Ilikuwa ya zamani," akasema. "Miaka yote ndani ya kabati, na hii joto ya mabati. Mupira inakauka. Ni mimi nilikosa, ningeiangalia mbele ya kuivisha."

Na mimi nikamwambia, "Haina mbaya, Papa."

Nilifika kwenye kamati nikiwa nimechelewa kidogo tu. Tulijadili rangi ya vitambaa vya meza hadi saa nane. Nilichangia mawazo.

Baba hakuacha siku hiyo. Jirani fundi wa pikipiki alimpa kipande cha mpira wa tairi la ndani, baba akakivisha kwenye rulo na kukifunga kwa uzi. Wino ukamwagika kwenye karatasi mabaka mabaka. Akajaribu gundi kwenye ule uliochanika, mshono ukaacha mstari mweusi katikati ya kila kadi. Nilikuwa nikipita jioni kutoka kazini na kumkuta na mikono myeusi hadi kwenye viwiko, na kila mara nilisema moyoni, leo namwambia. Kila mara alinitangulia kwa kusema kosa lake. Jirani akiuliza, baba anaeleza habari ya kabati na joto. Katekista akija kusalimia, anaeleza tena. Alilieleza kosa langu kama lake mara nyingi hadi likawa na njia yake mwenyewe, na mimi nikaona kwamba nikilitoa sasa nitakuwa nimemfanya mwongo mbele ya mtaa mzima. Hicho ndicho kisingizio nilichojipa. Ukweli ni kwamba niliogopa kumwona akinitazama.

Mwisho nilimkuta anarudisha herufi za mama kwenye visanduku vyake. Fundi wa herufi hupangua kazi baada ya kuichapa, si kabla, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alitoa herufi moja, akaitazama, akaiweka mahali pake, akatoa nyingine. Sikumsaidia, kwa kuwa sikujua visanduku. Nilikaa kwenye benchi la wateja na kulia, na akadhani namlilia mama.

"Basi wende Himbi," akasema bila kugeuka. "Bafanye ile yako ya couleur."

Walifanya. Zilipendeza mno, lazima niseme hivyo. Picha ya mama ilikuwa ile ya ubatizo wa mjukuu, amevaa kitenge cha kijani, anacheka. Baba alipoishika kadi alipitisha kidole gumba juu ya jina lake, taratibu, mara mbili. Herufi za risasi huuma karatasi, na kwenye kadi alizochapa yeye hata kipofu angejua kuna maandishi. Hii ilikuwa laini pote.

"Muzuri," akasema, na akairudisha kwenye boksi pamoja na zingine.

Barabara ilikuwa imefunguliwa. Tulipanda gari hadi Kalengera, baba amekaa mbele na suti nyeusi ambayo ilikuwa imekuwa kubwa kwake, mimi nyuma na boksi la kadi magotini. Mama mdogo alitupokea kwa vilio, akatuongoza hadi kaburini, nyuma ya shamba la maharage. Lilikuwa kaburi la udongo, na msalaba wa mbao, na mtu alikuwa amepanda maua ya njano. Ndiyo mara ya kwanza baba kuliona. Alisimama akaliangalia kutoka kichwani hadi miguuni, kama mtu anayepima.

Katika ukoo wa mama kuna desturi yao. Kabla ya nguo nyeusi kuvuliwa, mfiwa anasimama mbele ya kaburi na kumwambia marehemu, kwa sauti, jambo lolote lililobaki kati yao. Akimaliza, mtoto mkubwa wa marehemu anajibu kwa niaba yake. Kwa kawaida ni maneno machache na watu wanakwenda kula. Kaka yangu ndiye mkubwa, lakini hakuweza kufika kutoka Butembo. Sikuwa nimelifikiria hilo hadi mama mdogo aliponishika mkono na kunisogeza mbele, upande wa kichwa cha kaburi, uso kwa uso na baba.

Baba alivua kofia.

"Mama ya batoto," akasema. "Nimefika. Barabara ilifungwa, nilirudishwa. Hiyo haikukuwa mimi." Akasogea hatua moja karibu na msalaba. "Lakini iko kitu kimoja ni yangu. Nilitaka kukufanyia kadi na mikono yangu. Batu bote nilibafanyia. Yako, mupira ikapasuka. Niliiacha ikazeeka ndani ya kabati, sikuiangalia, nilikuwa muvivu. Uko na kadi ya batu bengine. Unisamehe."

Alisubiri huku amenitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mama wakati ule. Macho yake yalikuwa yanauliza kweli. Mama mdogo akanigusa mgongoni na kunong'ona, "Mujibu, mutoto yangu. Yeye anangoja."

Nilikuwa na nafasi. Hakuna aliyenizuia kusema.

"Amekusamehe, Papa," nikasema.

Akafunga macho, akashusha pumzi ndefu, na akanishukuru.