Mgeni wa Miaka Minne

Mwaka jana, nikiwa Tunduma katika chumba cha kupanga karibu na mpaka, jino la nyuma liliniuma siku tatu mfululizo. Mama mmoja muuza chai alinionea huruma, akanipa punje moja ya karafuu na kuniambia niing'ate taratibu, nisiimeze. Niliing'ata. Kabla jino halijatulia, machozi yalinilengalenga, na yule mama akacheka akasema, "Mwanamume mzima analia kwa jino!" Ningemwambiaje kwamba si jino? Harufu ile ilikuwa imekwisha kunirudisha Pemba, kwenye ua wa bibi yangu mzaa baba, Bi Time, ambako niliishi miaka minne nikitamani kitu kimoja: nipigwe.

Msinicheke bado. Nitawaeleza.

Baba alifariki Tabora nikiwa na miaka kumi na minne. Mama aliolewa tena na mtu mwema, lakini mtu mwema huyo alikuwa na vyumba viwili na watoto watano. Wakubwa wakakaa, wakaamua nipelekwe kwa watu wa baba, watu ambao sikuwahi kuwaona. Mjomba ndiye aliyenisindikiza. Tulipanda treni mpaka Dar es Salaam, tukalala sakafuni kwa rafiki yake Kariakoo, tukapanda boti mpaka Unguja, halafu meli nyingine mpaka Mkoani. Kwenye meli ile nilitapika mpaka nikadhani nitamfuata Baba. Mzigo wangu ulikuwa mfuko mmoja wa nguo, na juu yake kanzu ya Baba, ambayo Mama aliikunja vizuri akaniambia nisiivae mpaka initoshe.

Chake Chake alinipokea Ami Salim, kaka yake Baba, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alinitazama, akasema, "Umefanana nae," kisha akageuza uso upande wa barabara. Mjomba alinikabidhi kama mtu anavyokabidhi mzigo wa amana, akarudi siku ile ile kuwahi meli. Mimi na Ami tukaelekea kaskazini, Wete, kisha Konde, kisha nusu saa nyingine kwa miguu kati ya mihogo na mikarafuu. Ulikuwa msimu. Kila ua tulioupita ulikuwa na majamvi yaliyotandazwa karafuu juani, na hewa ilikuwa nzito, tamu na kali kwa pamoja, ikaniwasha puani. Nilipiga chafya mpaka tunaingia nyumbani. Ndivyo nilivyotambulishwa kwetu: kwa chafya.

Bi Time alikuwa mfupi, mwepesi, na mikono yake ilikuwa ya kahawia mpaka kwenye kucha kwa kuchambua karafuu. Alinivuta kifuani, akanipapasa kichwa akizungusha kiganja polepole, akalia bila sauti. Halafu akawageukia wajukuu zake waliokuwa wamejipanga ukutani wakinitazama kama kinyago, akawaambia, "Mmemuona huyu? Huyu yatima. Mtu asimguse."

Nilifurahi. Sikujua kwamba sentensi ile itanifungia nje ya nyumba kwa miaka minne.

Jioni ile watoto waliandaliwa sinia moja la muhogo na samaki. Mimi nilipewa sahani yangu peke yangu, sahani nyeupe yenye maua ya buluu ukingoni, iliyokuwa ikikaa kabatini kungojea wageni. Nilipewa kinofu. Wenzangu walizozana juu ya kichwa cha samaki, wakasukumana viwiko, wakacheka midomo imejaa. Mimi nilikula kimya kama mkaguzi wa elimu. Wakati wa kulala nilipewa kitanda. Makame, mtoto wa Ami Salim, aliyekuwa rika langu na ambaye kitanda kile kilikuwa chake, alilala chini kwenye mkeka. Asubuhi alipofumbua macho aliniangalia kutoka kule chini akasema, "Sultani kaamka?"

Jina likanasa. Shuleni nilikuwa mbara, nyumbani nilikuwa Sultani.

Baba alipenda kusema, kila alipopata mgeni Tabora, kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikangoja siku ya tatu. Nikangoja ya thelathini. Jembe halikuja. Asubuhi Makame na wenzake walitumwa kisimani, kukata kuni, kuchimba muhogo. Nikiwafuata, Bi Time aliniita. "Njoo baba, kaa na mimi kivulini. Jua hili hujalizoea." Siku moja nilibeba sahani yangu ya maua nikaimimina yote ndani ya sinia, nikakaa kati ya Makame na ukuta. Mikono yote ikatoka siniani. Bi Time alikuja, akanishika mkono, akanipakulia upya. "Hawa watakunyang'anya, mwanangu. Kula kwa raha zako."

Lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa bakora.

Makame alikuwa mtundu wa kupigiwa mfano. Siku aliyovunja mtungi wa maji, Bi Time alimkimbiza kuuzunguka ua mara tatu, kanga imemdondoka begani, akipiga kelele, "Simama! Simama we mwana balaa! Mungu kanipa mjukuu au kanipa mtihani?" Makame alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Alipatikana, akachapwa, na kabla ya adhuhuri nilimwona amekaa miguuni pa bibi huyo huyo, analishwa nazi kwa mkono. Wiki ile ile mimi nilivunja chimni ya taa. Nilisimama na vigae mkononi, nikingoja kukimbizwa. Bi Time alivitazama, akasema kwa upole, "Si kitu, baba. Imeondoka na shari." Akaokota vigae mwenyewe.

Nilikwenda nyuma ya choo nikalia. Ningemwambia nani kwamba nalia kwa sababu sikupigwa?

Msimu mkubwa wa karafuu ulikuja mwaka wangu wa tatu. Shule zilifungwa, kila mwenye miguu alipanda mti. Mimi nilikaa chini na bibi na watoto wadogo, nachambua: unashika kikonyo, unakibana na kiganja, unazungusha, punje zinamwagika. Nilikuwa na miaka kumi na saba na ndevu mbili tatu. Wasichana waliopita njiani walinitazama wakaficha vicheko kwenye mabuibui.

Nyuma ya nyumba palikuwa na mkarafuu mmoja mrefu kuliko yote. Bi Time aliwahi kuniambia kwamba Baba alipokuwa mdogo hakuna aliyeupanda mti ule ila yeye, na kwamba akifika kileleni alikuwa akiiga adhana mpaka majirani wakachanganyikiwa. Nilikuwa nimeutazama miaka mitatu. Asubuhi moja, Ami Salim akiwa mjini, nilimfuata Makame.

"Nataka kupanda ule."

"Wewe? Sultani apande mti?" Akacheka, halafu akaona sikucheki. "Yakhe, baba akikuona, bakora yangu hiyo."

"Nitasema ni mimi."

Akavua kamba kiunoni akanipa, na pakacha la kutilia. Sitasahau kwamba alinipa kamba yake mwenyewe. Akanionyesha pa kuweka mguu. Nilipanda. Juu kule palikuwa na upepo mwanana, mapaa ya makuti na ya mabati yaking'aa, na harufu ile ambayo miaka mitatu kabla ilinipigisha chafya sasa ilikuwa kama pumzi yangu mwenyewe. Nilichuma. Makame alisimama chini akiniita, na kwa mara ya kwanza aliniita kwa jina langu. "Haya, taratibu! Na ile ya kushoto!" Naamini ile ndiyo nusu saa ya furaha kuliko zote nilizoishi Pemba.

Mimi nilikulia kwenye miembe ya Tabora. Tawi la mwembe unaling'ang'ania, unalivuta mpaka likuletee embe mdomoni, kisha linarudi kwao. Nikafanya hivyo hivyo. Kila mtoto wa Pemba anajua tangu hajaota meno ya pili kwamba mkarafuu hauvutwi. Unabembelezwa kwa ngoe, fimbo yenye kulabu, unafungwa kwa kamba, kwa sababu mti wake una kiburi, haupindi, unakatika. Nilisikia mlio kama wa mfupa. Tawi kubwa, tawi zima la upande wa kibla, lilishuka na vikonyo vyake vyote, likaacha jeraha jeupe mwilini mwa mti. Makame alishika kichwa.

Kuvunja tawi la mkarafuu, kwa watu wa kule, si kuvunja chimni. Ni kula mavuno ya miaka ambayo haijafika.

Ami Salim alirudi baada ya adhuhuri, akaliona tawi kabla hata ya kuvua kofia. Alitukusanya uani. Bakora ilikuwa mkononi. "Nani kavunja?"

Nilitoka mbele. Nawaambieni ukweli, sikuwa na woga. Nilikuwa na kitu kama tamaa. "Ni mimi, Ami." Nikanyoosha viganja vyote viwili mbele yake, kama nilivyomwona Makame akifanya mara mia.

Bakora ilipanda. Niliiona mpaka ncha yake. Kisha sauti ya Bi Time ikatoka mlangoni: "Salim! Yatima huyo." Mkono ukashuka. Ami alivuta pumzi, akageuka. "Na wewe Makame, ulikuwa wapi? Nani kampa kamba?"

Makame alipigwa mbele yangu. Safari ile hakucheka hata kidogo. Viganja vyangu nilikuwa bado nimevinyoosha, sikujua nivipeleke wapi.

Jioni nilimkuta ameketi kwenye kisiki anapuliza mikono yake. Nikamwambia samahani. Akajibu bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. "Sina ugomvi na wewe, yakhe. Lakini wewe hapa hata ukikosa, twapigwa sisi." Tangu siku ile hakuniita Sultani tena. Hakuniita chochote.

Nilikaa mwaka mmoja zaidi, nikamaliza kidato cha nne. Wiki moja baada ya mtihani, asubuhi, nilifunga mfuko wangu, nikavaa kanzu ya Baba, ambayo sasa ilinitosha, nikatoka wakati bibi yuko kisimani. Sikumuaga mtu. Nilijiambia kwamba mgeni akiondoka hakuna pengo. Nilitembea mpaka Konde, nikapanda gari la Wete, nikakaa benchi la mwisho, kwenye uwazi wa nyuma.

Gari lilikuwa limekwisha kuwashwa nilipomwona. Alikuwa anakuja katikati ya barabara, Bi Time wangu, kanga ya kichwa imeshuka shingoni, vumbi limempanda mpaka magotini. Nusu saa ile ya njia sijui aliitembea kwa dakika ngapi. Alifika nyuma ya gari, akavua ndara moja, akanipiga nayo mgongoni. Pa! Akapiga tena.

"Teremka! Teremka mwana usiye haya! Hivi ndivyo mtu anavyoondoka kwao? Babaako kaniondoka hivi hivi, na kanzu hii hii, nami nikakaa miaka natizama njia! Huna adabu! Hukufunzwa!"

Gari zima likaangua kicheko. Mzee mmoja akasema, "Msamehe, bibi, mtoto huyo."

"Mtoto wa nani? Wangu huyu! Ntampiga ntakavyo!"

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilisikia kicheko tu. Nilisikia masikio yangu yakiwaka, nikainamisha kichwa, nikashikilia benchi. Utingo akagonga bodi, gari likaondoka, na pigo la tatu likanikosa, ndara ikamponyoka ikaangukia ndani, kati ya magunia. Sikumbusu mkono.

Nimehama miji mingi tangu siku ile, na kila mji nimeingia kama mgeni na kutoka kama mgeni. Miaka tisa baadaye Makame aliipata namba yangu, sijui kwa nani, akanipigia. "Bibi katutoka jana," alisema. Kisha akaniambia kwamba kila akimaliza kusali, bibi alikuwa akiomba msamaha kwa jambo lile lile. "Alikuwa akisema, nilimpiga yatima, ndiyo maana hakurudi."

Simu ilikatika, au niliikata, sikumbuki. Nilitaka kumwambia Makame kwamba hapana, sivyo, bibi alikosea hesabu, na mimi pia. Nilitaka kusema kwamba mapigo yale mawili ndiyo niliyoyangoja tangu siku ya chimni. Lakini wa kuambiwa alikuwa bibi, na bibi hayupo.

Tulipofika Wete siku ile niliyoondoka, yule mzee alichokoa kati ya magunia akanipa ndara. "Ya bibi yako hii," alisema. Ilikuwa nyepesi, imelika kisiginoni upande mmoja. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba bibi amerudi nyumbani njia nzima na mguu mmoja mtupu. Nilisimama kituoni nimeishika, mgongo wangu bado wa moto, magari ya Konde yakiwa yamepangana mbele yangu yanaita abiria. Ningeweza kupanda lolote. Siku ya tatu ilikuwa imefika, jembe limeletwa mpaka barabarani, na mgeni akageuka akaelekea bandarini.